Kutoka "Shenzi Type" Hadi Shakahola: Vile Maneno ya Damu Hugeuka Kuwa Utani

Ambia beshte yako leo kwamba hujakula tangu asubuhi juu mfuko umekauka. Kuna uwezekano mkubwa atakuuliza, "Kwani uko Shakahola?" Mtacheka, stori itaendelea. Anayefanya diet anasema ameingia Shakahola. Bosi akichelewesha mshahara, ofisi nzima inasema imepelekwa Shakahola.

Sasa weka huo utani kando ya kalenda. Aprili 2023 ndio polisi walianza kufukua makaburi kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili iliyotolewa ilipita 400, watoto wakiwa wengi. Mhubiri Paul Mackenzie alifunguliwa mashtaka, akayakanusha. Familia za kwanza kukabidhiwa miili ya watu wao zilingoja hadi Machi 2024, baada ya vipimo vya DNA. Kwa hivyo karibu mwaka mzima, kabla hata mzazi mmoja hajapewa mtoto wake azike, sisi huku tulikuwa tushageuza jina la hiyo sehemu kuwa neno la njaa ya kawaida.

Hii si stori ya kumwambia mtu yeyote ati ana roho mbaya. Wakenya wanacheka kila kitu, na mara nyingi kicheko ndicho kinachotusongesha hadi mwisho wa mwezi. Lakini kuna swali hapa ambalo halihitaji wazee wa lugha wala maprofesa: neno lililobeba maiti likishageuka kuwa la kutania, hiyo maiti inaenda wapi? Na je, hilo neno linaweza kuamka tena?

Tunauliza sasa juu kura ni Agosti 2027, na Kenya ina maneno ambayo yamelala tu, hayajafa.

Shenzi type: neno ambalo wenyewe hawapo tena

Anza na lile kila mtu ametumia. Makanga akikataa kukurudishia chenji, dereva akikukata barabarani, "shenzi type!" inatoka yenyewe. Hata watoto wa Marekani wanaijua. Filamu ya The Lion King ya 1994 ina fisi anaitwa Shenzi.

Kitambo Pwani, hilo neno lilikuwa na kazi nzito. Watu wa mjini walijiita waungwana. Mtu wa bara, asiye Mwislamu, asiyejua adabu za mji, huyo alikuwa mshenzi. Hiyo haikuwa matusi tu. Ilikuwa ni kupanga watu kwa mafungu mawili: wale wasioguswa na wale wanaoweza kukamatwa na kuuzwa. Misafara ilitoka bara ikiwa na watu waliofungwa pamoja, na wengi wao waliitwa jina hilo moja. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Kwenye pwani yetu ya Kenya, utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi 1907.

Halafu wazungu wakaja, wakaokota hilo neno barabarani, wakalibandika kila kitu walichokidharau: mbwa wa shenzi, nyumba ya shenzi, mfanyakazi shenzi. Mtu wa bara aliyetukanwa hivyo na mzungu naye akalichukua, akamtupia mwenzake. Leo mtu wa Kakamega anamtukana mtu wa Nyeri kwa neno ambalo zamani lingewafunga wote wawili mnyororo mmoja.

Hapo unaona njia ya kwanza ya neno kuchuja: wenyewe wameisha. Hakuna mtu anayeamka leo akiogopa kukamatwa juu ameitwa mshenzi. Mombasa, matatu za Nyali zinaita "Kengeleni! Kengeleni!" kutwa nzima. Hilo jina linatokana na kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa miaka ya 1870. Iliwekwa iwaonye watu wakati wateka-watumwa wanakaribia. Abiria analipa nauli, anashuka, anaenda kazi. Kidonda kimepona hadi kikabaki jina la steji.

Ingekuwa kila neno linafika hapo, tungefunga mjadala. Shida ni kwamba mengi hayafiki.

Kipande: mnyororo uliogeuka kuwa tiketi

Chukua la pili. "Umebeba kipande?" ni swali la mlinzi getini, la polisi usiku, la jamaa wa M-Pesa. Vijana wenyewe wanahimizana: kipande mkononi, tukajisajili kupiga kura.

Kipande cha kwanza hakikuwa na heshima hiyo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya mkoloni ililazimisha kila mwanaume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi abebe karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara wake. Ilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, kama mbuzi na kengele yake. Ukitoka kwa shamba la mzungu kabla hajakusainia, wewe ni mtoro, na jela ilikungoja. Kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha mtu hawezi kuhama kutafuta mshahara bora.

Harry Thuku alipinga kipande, kodi na kazi ya lazima, akakamatwa Machi 1922. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi wakitaka aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele. Polisi walifyatua risasi. Serikali ilihesabu 21 waliokufa, Nyanjiru akiwa kati yao, na kuna waliosema walikuwa wengi zaidi.

Mbona basi hilo neno limepona? Si juu tumesahau tu. Limepona juu kitu chenyewe kilibadilisha bwana. Karatasi iliyokuwa inakufunga kwa mzungu sasa ndiyo inakupa kura, akaunti ya benki na laini ya simu. Neno lilifuata kitu.

Lakini shika hapo. Uliza mtu wa Garissa, Wajir au Mandera kama kwake kipande ni neno jepesi. Mwishoni mwa 1989 serikali ilipitisha Wakenya Wasomali kwenye msasa wao peke yao, wapewe kadi ya ziada ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya kweli. Kwa miongo mingi, kijana wa huko akitafuta kitambulisho alikuwa anakalishwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa, huku mwenzake wa Murang'a akijaza fomu tu. Ni Februari 2025 ndio Rais William Ruto alienda Wajir kutangaza kwamba huo msasa wa ziada umefutwa.

Kwa hivyo neno moja, nchi moja, uzito tofauti. Nairobi ni kadi. Kule kaskazini, hadi juzi, ilikuwa mtihani wa kuonyesha kwamba wewe ni mtu wa hapa. Hilo ni somo muhimu: anayesema "hilo neno ni la kawaida siku hizi" mara nyingi anamaanisha "kwangu mimi ni la kawaida."

Mau Mau: waliotukanwa wakaligeuza jina

Kuna maneno ambayo hayakuchujwa na muda. Yalinyakuliwa. "Mau Mau" kwenye magazeti ya mkoloni lilikuwa jina la kutisha watu: wauaji, washirikina, wanyama wa msituni. Kwa jina hilo serikali ilinyonga watu zaidi ya elfu moja kati ya 1952 na 1960, ikafungia maelfu kwa maelfu kambini. Pale Hola, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa.

Hata baada ya uhuru, chama hicho kilibaki marufuku kisheria hadi 2003. Lakini mtaani watu hawakungoja Gazeti Rasmi la serikali. Wasanii wa Dandora na Mombasa walijiita Ukoo Flani Mau Mau bila kuomba ruhusa. Sanamu ya Dedan Kimathi ikasimamishwa katikati ya Nairobi 2007. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa, na kusema kwamba inasikitika.

Angalia pia upande wa pili wa hiyo sarafu. "Homeguard", yule aliyelinda kijiji kwa niaba ya mkoloni, leo ni tusi la kisiasa. Mwanasiasa akihama upande, komenti zinajaa "homeguard huyo". Anayetukanwa hivyo hajawahi kushika mkuki wa chifu maishani mwake. Neno limebaki na maana ya msaliti tu. Hayo mengine yamedondoka: vijiji vilivyozungushiwa mitaro, akina mama waliochimbishwa hiyo mitaro, majirani waliouana.

Tofauti ya Mau Mau na Shakahola ni hii. Jina Mau Mau liligeuzwa na wale wale waliopigwa, pamoja na watoto wao. Shakahola imegeuzwa na watu waliokuwa mbali, wakiwa na bando.

Shifta: neno ambalo bado linauma

"Acha ushifta wewe." Utalisikia likitumiwa kwa mtu mkorofi, mbishi, mwizi mdogo mdogo. Kwa masikio ya wengi ni jambazi tu.

Ukweli ni kwamba hilo jina lina vita yake. Kuanzia 1963 hadi 1967, wapiganaji waliotaka eneo la kaskazini mashariki lijiunge na Somalia walipigana na serikali mpya ya Kenya. Serikali iliwaita shifta, yaani majambazi, na jina hilo likasaidia kazi: jambazi hana madai ya kisiasa, jambazi anapigwa tu. Lakini halikuishia kwa wapiganaji. Wafugaji walisukumwa kwenye vijiji vya lazima, mifugo ikafa au ikachukuliwa. Mwaka 1970 bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa yale waliyoyafanya huko wakati wa vita.

Vita viliisha, neno likabaki kazini. Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakakalishwa juani kwa siku kadhaa, wengi wakauawa. Serikali ilikubali vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, kwenye ripoti yake ya 2013, ilisema waliokufa wanakaribia 1,000.

Sasa fikiria: mtoto wa mmoja wa hao wanaume leo ana miaka arobaini na kitu. Anafanya kazi Eastleigh, anapanda matatu na wewe. Ukimwita beshte yako shifta kwa sauti, wewe umesema "mkorofi". Yeye amesikia jina lililofanya babake awe halali kuuawa. Hajakosea kusikia hivyo. Hilo jina bado hutolewa mfukoni kila shambulio linapotokea. Aprili 2014, wakati wa msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walizuiliwa uwanjani Kasarani huku wengine wakichapa mizaha mtandaoni.

Hii ndiyo tofauti ya shifta na shenzi. Shenzi imestaafu. Shifta inafanya kazi za muda, inangoja kuitwa.

Madoadoa: neno tamu lenye bunduki ndani

Kuna maneno yanayotembea njia ya kinyume. Hayatoki kwenye damu kwenda kwa utani. Yanatoka jikoni na shambani, yanaingia kwenye damu, halafu yanajaribu kurudi nyumbani kama hakuna kitu kilitokea.

Madoadoa ni mabaka ya kawaida, kama ya chui au ya shati lililomwagikiwa chai. Kwekwe ni magugu ya shambani. Mende ni mende. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati vyama vingi vinarudi, "kuondoa madoadoa" Bonde la Ufa kulikuwa na maana moja: jirani wa kabila lingine aende. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 1993 kwamba watu 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kufukuzwa makwao. Baada ya kura ya Desemba 2007 maneno hayo hayo yakarudi. Wakati moto unazimwa, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa na zaidi ya 600,000 walikuwa wametoroka makwao.

Januari 2022, kwenye mkutano wa kisiasa Eldoret, aliyekuwa seneta wa Meru wakati huo, Mithika Linturi, alitamka neno madoadoa. Alikamatwa, akaomba msamaha. Na hapo mtandao ukagawanyika vipande viwili. Kuna waliosema, "Kwani madoadoa si mabaka tu? Mnatafuta makosa." Hao wengi walikuwa wachanga 2008, ama walikuwa sehemu ambazo moto haukufika. Na kuna wale walionyamaza, wakaanza kufikiria kama wahamishe watoto kabla ya Agosti.

Hiyo ndiyo nguvu ya neno la aina hii. Anayelitupa ana pa kujifichia: "Nilimaanisha mabaka." Anayelengwa hana pa kujifichia.

Majirani zetu Rwanda walilipa bei kubwa kuliko wote kwa hili. Neno "inyenzi", mende, miaka ya 1960 lilikuwa la wapiganaji Watutsi waliokuwa uhamishoni na kushambulia usiku. Kufikia 1994, redio RTLM na gazeti la Kangura walikuwa wamelitandaza hadi likamaanisha kila Mtutsi, mtoto na mzee. Redio hiyo ilikuwa inapiga muziki mzuri na kuchapa utani, ndio maana vijana waliipenda. Zaidi ya watu 800,000 waliuawa kwa takriban siku 100. Mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ikawahukumu wakuu wa vyombo hivyo Desemba 2003.

Kumbuka hapo: utani ulikuwa ndani ya mtambo tangu mwanzo. Watu walizoea neno wakicheka, kwa hivyo lilipokuja na panga halikuwashtua.

Subaru: kucheka huku unatetemeka

Basi tupige marufuku utani wote wa kifo? Ngoja. Kuna utani unaofanya kazi nyingine kabisa.

Baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, vijana wakaanza kuchukuliwa barabarani na nyumbani na watu waliofunika nyuso, kwenye magari yasiyo na alama za polisi. Desemba hiyo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema imerekodi visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni, na 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Mtaani, "Subaru" ikaacha kuwa gari. Ikawa kitenzi karibu. Ukipost kitu kikali kuhusu gava, komenti ya kwanza: "Subaru iko njiani." "Ficha huyu kijana kabla Subaru haijafika."

Huo utani unafanana na wa Shakahola kwa sura, lakini si mmoja. Anayechapa utani wa Subaru naye anaweza kubebwa kesho. Anacheka juu ya kitu kinachomtisha yeye mwenyewe. Na wakati ambapo maafisa walikuwa wanakana, huo utani ulikuwa unasema kwa sauti kile ambacho hakikuwa kinakubaliwa: kuna watu wanapotea, na kila mtu anajua. Hapo kicheko ni ushahidi.

Hata hivyo ina hatari yake. Ukisema Subaru mara mia, ya mia moja na moja haikushtui. Siku jirani yako anabebwa kweli, unaandika "Subaru imemfikia" na emoji tatu za kulia kwa kicheko, halafu unascroll. Utani ulioanza kama king'ora unaweza kuishia kama mto wa kulalia.

Mbona sasa inaenda mbio hivi?

Shenzi ilichukua zaidi ya miaka mia kuchuja. Kipande, miongo kadhaa. Shakahola ilichukua wiki. Kuna sababu tatu zilizo wazi.

Ya kwanza, Sheng yenyewe ina haraka. Ilikulia Eastlands kama lugha ya kujitofautisha na wazazi na wenye mamlaka, kwa hivyo inataka neno jipya kila siku. Habari kubwa ya wiki ndiyo malighafi iliyo karibu zaidi. Neno likishaingia Sheng, anayelipokea kesho hapewi historia yake. Anapewa tu namna ya kulitumia.

Ya pili, simu. Zamani utani mbaya uliishia kwa baze. Anayeumia hakuusikia. Leo mama aliyempoteza mwanawe Kilifi anaona ile ile video unayoiona wewe ukiwa Rongai, na algorithimu haimuulizi kama yuko tayari.

Ya tatu, na hii ndiyo kubwa, ni kwamba hatufungi kesi zetu. Mambo ya Wagalla yana ripoti, hayana aliyefungwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli ilikabidhiwa 2013 na sehemu kubwa ya mapendekezo yake haijatekelezwa. Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, huko huko Kilifi, kabla ya yale ya Shakahola hayajapata majibu. Nchi isipofundisha jambo shuleni, isipolipa, isipofunga mtu, mahali pekee panapobaki pa kuliweka hilo jambo ni kwenye mdomo wa watu. Na mdomo wa watu ukichoka kulia, hucheka.

Orodha haitatuokoa

Aprili 2022, tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki kuelekea kura. Madoadoa ilikuwemo, kwekwe ilikuwemo, mende pia. Lakini ndani yake mlikuwa na "sipangwingwi", neno kutoka kwa ngoma ya Exray iliyokuwa inachezwa kila klabu, lililokuwa limegeuzwa kuwa kaulimbiu ya kampeni. Watu wakacheka orodha nzima. Onyo la maana kuhusu madoadoa likazama kwenye meme za pangwingwi.

Sheria iko. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema uchochezi wa chuki za kikabila ni hadi shilingi milioni moja ama miaka mitatu jela, ama vyote viwili. Lakini sheria inaangalia neno, na neno ni mjanja. Ukilifungia, linazaa lingine kesho asubuhi. Kwekwe ikifungwa kutakuja magugu, magugu yakifungwa kutakuja takataka. Ukiangalia neno pekee utakimbizana na upepo.

Cha kuangalia ni kazi ambayo neno linafanya. Na hapo kila msee anaweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kubonyeza kitufe.

Moja: aliyeumizwa na hili jambo bado yupo? Kama yupo, na hajazika, huo utani si wako.

Mbili: wewe unacheka ukiwa ndani ama ukiwa nje? Anayecheka Subaru akijua ni zamu yake kesho si sawa na anayechekelea njaa ya mtoto wa mtu mwingine.

Tatu: hili neno likipewa mtu mwenye kipaza sauti na umati Julai 2027, linaweza kumfukuza mtu nyumbani kwake? Shenzi haiwezi. Kipande hakiwezi. Shifta inaweza. Madoadoa ilishafanya, mara mbili.

Hilo la tatu ndilo la kushikilia. Kampeni zitaanza, na watakuja na maneno yanayochekesha, yenye mdundo, yanayoingia vizuri kwenye ngoma na tisheti. Mengine yatakuwa mapya kabisa, hakuna orodha itakayokuwa nayo. Wewe unayejua Sheng ndiye utakayelisikia kwanza, kabla ya NCIC, kabla ya polisi, kabla ya magazeti. Likikugusa vibaya, uliza pale pale kwa group, mbele ya watu: hapa tunamaanisha nani? Mwenye utani wa kweli atajibu na mtaendelea. Yule mwingine atakwambia unachukulia vitu personal sana, ni jokes tu. Huyo ndiye wa kuangalia kwa makini.